Kidonge cha Usiku: Dawa ya Kolesteroli Inapokutana na Dayalisisi ya Nyumbani

Wapo wanandoa wanaogombana kwa sababu ya simu. Wapo wanaogombana kwa sababu ya pesa, ndugu, au nani anachelewa kurudi siku ya Ijumaa. Kwetu sisi, mwaka jana, kwa mwezi mzima ugomvi ulikuwa wa kidonge. Kidonge chenyewe kidogo, cheupe, cha kushusha kolesteroli, yaani yale mafuta ya kwenye damu ambayo wataalamu wa Kiswahili wanayaita lehemu. Mume wangu alitaka kukiacha. Mimi nilikuwa sitaki akiache mpaka mtu anayejua anieleze kwa nini.

Mpenzi msomaji, ngoja nikupe picha kwanza. Sisi ni Watanzania tunaoishi mashariki mwa London. Mume wangu ana miaka 41. Presha ilimmaliza figo kimyakimya, bila maumivu, na sasa huu ni mwaka wa pili yuko kwenye dayalisisi ya tumboni.

Najua ukisikia dayalisisi unaona ile mashine kubwa ya hospitali, mtu kalala saa nne na mirija mkononi, mara tatu kwa wiki. Hiyo ni ya damu. Hii ya tumboni inafanyika nyumbani. Mgonjwa anawekewa mrija laini chini ya kitovu, na humo anaingiza lita mbili hivi za maji maalumu. Maji yanakaa saa nne hadi sita, uchafu wa kwenye damu unapita kwenye utando unaofunika matumbo na kuingia kwenye maji hayo, kisha yanatolewa na mapya yanaingia. Mara nne kwa siku, siku saba kwa wiki. Wengine wana mashine ndogo inayowafanyia kazi hiyo usiku wakiwa wamelala, lakini mwenzangu anabadilisha kwa mkono: kabla ya kazi, mchana ofisini, jioni, na kabla ya kulala. Korido yetu imejaa maboksi ya maji, utadhani stoo ya duka la jumla Kariakoo.

Sasa juu ya hayo yote kuna vidonge. Vya presha, vya kudhibiti fosforasi, vitamini, na hicho cha kolesteroli alichoanza kukitumia miaka kadhaa kabla figo hazijasimama. Hoja yake ilikuwa hivi: "Mama, mimi si mnene. Kolesteroli yangu imepimwa, iko chini. Na nimesoma kwamba watu wa dayalisisi hiki kidonge hakiwasaidii. Sasa cha nini? Acha nipunguze hata kimoja."

Kusema ukweli, hoja haikuwa ya kipuuzi. Ndiyo maana nikaanza kuchimba.

Moto usiotoa moshi

Kitu cha kwanza nilichojifunza ni kwamba kidonge hiki kina kazi ya pili ambayo haijaandikwa kwenye boksi. Kinatuliza inflamesheni. Kwa Kiswahili tunasema uvimbe, lakini usifikirie jipu wala uvimbe wa kizazi. Ukijikata kidole kikawa chekundu, kikavimba na kupata moto, hiyo ni kinga ya mwili ipo kazini. Baada ya siku chache kidole kinapoa na maisha yanaendelea.

Tatizo ni pale kinga inapobaki macho usiku na mchana, mwili mzima, mwezi baada ya mwezi. Huoni chochote kwa nje. Ndani, mishipa ya damu inakwaruzika, mafuta yanajishika kwenye kuta zake, na siku moja kipande kinapasuka na kuziba njia. Ukiziba wa moyo ni shambulio la moyo. Ukiziba wa ubongo ni kiharusi. Na hapa ndipo nilipokaa kimya kidogo, maana watu wengi walio kwenye dayalisisi hawafi kwa figo. Wanakufa kwa magonjwa ya moyo na mishipa, wengine wakiwa vijana kabisa.

Moto huu una kipimo chake. Kinaitwa CRP, protini inayotengenezwa na ini pale mwili unapokuwa kwenye hali ya tahadhari. Ni kipimo cha kawaida cha damu. Kwa watu wa dayalisisi mara nyingi kinakuwa juu, na kadiri kinavyokaa juu ndivyo hatari inavyoongezeka.

Sukari tumboni, mafuta kwenye damu

Kwa nini dayalisisi ya tumboni iwe na mambo yake? Kwa sababu ya yale maji. Ili yavute maji ya ziada kutoka mwilini, mengi yanawekewa sukari ya glukosi. Hapa Uingereza mifuko inakuja kwa nguvu tatu: asilimia 1.36, 2.27 na 3.86. Sehemu ya sukari hiyo inanyonywa na mwili, gramu 100 hadi 200 kwa siku si ajabu. Hebu fikiria, mtu hajagusa hata soda! Wakati huohuo, protini ya gramu 5 hadi 15 inapotea kila siku kupitia maji yanayotolewa, na ini linapohangaika kuirudisha linatoa na mafuta zaidi. Ndiyo maana damu ya mtu wa dayalisisi ya tumboni huwa na mafuta mabaya kuliko ya mtu wa mashine ya damu.

Ongeza na moto wenyewe: uchafu ambao figo hazijauondoa, maji yanayobaki mwilini, maambukizi ya pale mrija unapotokea, na lile balaa kubwa zaidi, maambukizi ya utando wa tumbo. Mwili unakosa pumziko.

Halafu kuna mtego ambao mwenzangu, na mimi pia, hatukuujua. Kolesteroli ya chini kwa mtu wa dayalisisi si lazima iwe habari njema. Mwaka 2004 jarida la JAMA la Marekani lilichapisha utafiti uliofuatilia wagonjwa 823 wa dayalisisi, wa mashine na wa tumboni. Kwa wale ambao miili yao haikuwa na inflamesheni wala utapiamlo, kolesteroli ya juu ilikwenda na hatari kubwa, kama ilivyo kwa mimi na wewe. Kwa wale wenye moto ndani, hesabu haikwenda hivyo, maana inflamesheni na lishe duni zenyewe zinashusha kolesteroli. Kwa hiyo namba inaweza kuwa chini kwa sababu mtu anaumwa, na yeye anajipongeza.

Dawa iliyotoka kwenye ukungu wa mchele

Vidonge hivi kwa jina la ukoo vinaitwa statini. Humo ndani utawakuta atorvastatini, simvastatini, rosuvastatini na wenzao. Mjapani Akira Endo ndiye aliyegundua ya kwanza, mwaka 1973, baada ya yeye na wenzake kupima aina zipatazo 6,000 za ukungu na vimelea. Iliyompa jibu ilikuwa ukungu wa rangi ya kijani-buluu uliotoka kwenye mchele wa duka moja la nafaka mjini Kyoto. Ya kwanza kuruhusiwa kuuzwa Marekani, lovastatini, iliingia mwaka 1987. Endo mwenyewe alifariki mwaka 2024 akiwa na miaka 90, na leo mamilioni ya watu wanameza matunda ya kazi yake.

Inafanyaje kazi? Fikiria donge la unga wa ngano jikoni. Kutoka kwenye donge hilohilo unakata chapati, unakata na maandazi. Ini nalo lina donge lake: kutoka hapo linatengeneza kolesteroli, na pia vitu vidogo vidogo ambavyo seli zinavitumia kupeana habari, ikiwemo ile habari ya "amkeni, kuna adui!" Statini inapunguza donge tangu mwanzo. Chapati zinapungua, na maandazi nayo. Kolesteroli inashuka, na kelele za tahadhari zinashuka pia.

Kwa watu ambao figo zao ni nzima, jambo hili lilipimwa kwa kishindo. Utafiti ulioitwa JUPITER, uliotoka mwaka 2008, ulichukua watu 17,802 ambao kolesteroli yao haikuwa ya kutisha ila CRP ilikuwa juu. Waliopewa rosuvastatini, CRP yao ilishuka kwa asilimia 37, na mashambulio ya moyo, viharusi na matatizo makubwa ya aina hiyo yakapungua kwa asilimia 44.

Na watu wa tumboni je? Mwaka 2007 jarida la Peritoneal Dialysis International lilichapisha utafiti mdogo kutoka hapahapa London kuhusu swali hilohilo, ukihusisha matumizi ya statini na CRP ya chini kwa wagonjwa wa dayalisisi ya tumboni. Niliposoma hapo nilitaka kumwamsha mzee saa saba za usiku nimwambie, "Unaona?"

Bahati nzuri niliendelea kusoma.

Namba zinashuka, maisha je?

Kushusha namba ni jambo moja. Kumfanya mtu aishi ni jambo jingine, na hapo ndipo mume wangu alikuwa na pointi yake.

Ujerumani, mwaka 2005, ulitoka utafiti ulioitwa 4D: wagonjwa 1,255 wa kisukari waliokuwa kwenye mashine ya damu, nusu wakapewa atorvastatini. Kolesteroli ilishuka sawasawa. Vifo vya moyo, mashambulio ya moyo na viharusi, kwa ujumla, havikupungua kwa kiasi cha kuonekana. Mwaka 2009 ukaja AURORA, wagonjwa 2,776 wa mashine, safari hii rosuvastatini. Kolesteroli mbaya ilishuka kwa asilimia 43, CRP nayo ikashuka. Matokeo ya moyo? Yaleyale.

Mwaka 2011 ukaja SHARP, ulioongozwa kutoka Oxford, watu 9,270 wenye ugonjwa wa figo, ambao 3,023 kati yao walikuwa kwenye dayalisisi. Simvastatini ikiwa pamoja na dawa nyingine, ezetimibe, ilipunguza matatizo ya mishipa iliyoziba kwa asilimia 17 kwa kundi zima. Kwa wale wa dayalisisi peke yao faida haikuonekana wazi. Na shika hili: wa tumboni humo walikuwa 496 tu. Yaani zile tafiti mbili za kwanza hazikuwagusa kabisa, na hii ya tatu iliwagusa kidogo.

Inakuwaje moto upungue na vifo visipungue? Maelezo yaliyo wazi zaidi ni kwamba kwa mtu wa dayalisisi moyo unaumizwa kwa njia nyingi. Mishipa inajaa chokaa kwa sababu ya fosforasi na kalsiamu. Moyo unapanuka kwa maji na presha. Mapigo yanavurugika ghafla. Kidonge cha kolesteroli hakifiki huko kote.

Basi mwaka 2013 KDIGO, shirika la kimataifa linalotoa miongozo ya magonjwa ya figo, likaweka mambo sawa kwa maneno mawili. Kama mtu yuko tayari kwenye dayalisisi na hajawahi kutumia statini, wanapendekeza asianzishiwe. Kama alikuwa anaitumia kabla ya dayalisisi, wanapendekeza aendelee nayo.

Ukisoma haraka unaona kama wanajipinga. Si hivyo. Aliyeanza mapema amekuwa akilinda mishipa kabla haijaharibika sana, na hakuna utafiti ulioonyesha kwamba kumwachisha njiani ni salama.

Kliniki, viti viwili

Tulikwenda kliniki pamoja. Nakushauri, dada yangu, kaka yangu, usimwache mwenzio aende peke yake. Mgonjwa anasikia nusu, nusu nyingine anaisikia hofu yake.

Daktari bingwa wa figo alimsikiliza mume wangu mpaka mwisho, hakumkata. Kisha akamwambia, kwa sababu alianza kidonge kabla ya dayalisisi, hakimuumizi misuli, na yuko kwenye orodha ya kusubiri figo mpya, aendelee nacho. Halafu akafungua majibu ya damu. Kolesteroli kweli ilikuwa chini. Ila CRP ilikuwa 14, wakati maabara yao inataka isizidi 5.

"Kidonge kinasaidia kupuliza," alisema, "lakini mimi nataka kujua kuni ziko wapi."

Wakaanza kutafuta kuni. Mrija ulikuwa safi. Maji yaliyotoka tumboni yalikuwa safi. Uzito wa maji mwilini ulikuwa sawa. Muuguzi wa dayalisisi ndiye aliyeuliza swali ambalo hakuna mtu alikuwa ameliuliza: "Mara ya mwisho ulimwona daktari wa meno lini?" Mwenzangu akacheka, maana ilikuwa kabla hatujaoana. Fizi zake zilikuwa zinatoa damu kila asubuhi na yeye anaona kawaida. Ziara tatu kwa daktari wa meno, dawa ya kusukutua na mswaki mpya. Baada ya miezi minne CRP ikasoma 5. Siwezi kuapa kwamba ni meno peke yake, lakini kidonge kilikuwa kilekile, na dozi ileile.

Kuni za nyumbani

Hapo ndipo nilipoona kazi yetu sisi tulio upande wa pili wa kitanda. Kumeza kidonge ni dakika moja. Kuzuia moto usiwake ni kazi ya watu wawili.

Adui namba moja ni maambukizi ya utando wa tumbo. Chama cha kimataifa cha dayalisisi ya tumboni, ISPD, katika miongozo yake ya mwaka 2022 kinataka kila kituo kisizidi wastani wa 0.40 kwa mgonjwa kwa mwaka, yaani kama mara moja kwa miaka miwili na nusu. Kwetu wakati wa kubadilisha maji madirisha yanafungwa, feni inazimwa, barakoa zinavaliwa, mikono inaoshwa na kukaushwa, na paka wa jirani, anayedhani ni wa kwetu, anatolewa nje. Paka wana tabia ya kuchezea mrija, na jino moja linatosha kuutoboa. Maji yakitoka na ukungu kama maji ya kuoshea mchele, hakuna kusubiri kesho. Unapiga simu kliniki muda huohuo na mfuko unaubeba.

Mengine ni ya kila siku: kusafisha pale mrija unapotokea na kupaka dawa waliyotoa, kupunguza chumvi ili asilazimike kutumia mifuko yenye sukari kali, kutovuta sigara, kutembea jioni. Tunatembea wote. Nusu saa hiyo imetupa maongezi kuliko miaka mitatu ya kuangalia tamthilia.

Na chumbani? Najua unataka kuuliza. Mrija unaonekana, na kwa miezi ya mwanzo alikuwa analala na fulana hata wakati wa joto. Kuna mkanda laini wa kuushikilia, na tendo la ndoa halikatazwi kidonda kikishapona. Wengine wanaona raha zaidi tumbo likiwa limetolewa maji, wengine halijali. Zungumzeni. Aibu ikikaa kitandani nayo inachukua nafasi.

Kabla hujaacha, kabla hujaanza

Kama mpendwa wako yuko kwenye mashine ya damu Muhimbili, Moshi au Nairobi, habari hizi zinamhusu hata zaidi, maana tafiti kubwa zilifanywa kwa watu kama yeye. Haya ndiyo ya kwenda nayo kliniki:

1. Alianza statini kabla au baada ya dayalisisi? Jibu hilo peke yake linabadilisha ushauri.

2. CRP yake ni ngapi, na kama iko juu, nini kimetafutwa? Meno, mrija, kifua, ngozi, maji ya ziada.

3. Misuli inauma bila sababu, hasa mapaja na mabega? Mkojo, kwa aliye nao bado, umekuwa na rangi ya chai ya rangi? Sema leo, si kliniki ijayo.

4. Ameandikiwa dawa nyingine? Clarithromaisini na erithromaisini zinapandisha baadhi ya statini kwenye damu. Flukonazoli pia, na hiyo watu wa tumboni hupewa wakati mwingine pamoja na antibiotiki. Balungi nalo halipatani na simvastatini wala atorvastatini.

5. Mgonjwa ni mwanamke na mnapanga mtoto? Zungumzeni na daktari kabla ya kujaribu. Wengi hushauriwa kuacha statini wakati wa ujauzito.

6. Usinunue famasi kwa sababu shemeji alipewa. Hata hizi za kwangu ni habari tu, daktari wako ndiye mwenye faili.

Mama mkwe wangu yuko Tanga, na kila Jumapili anapiga simu. Juzi alimuuliza mwanawe, "Eti bado unakunywa zile dawa zote?" Nikamsikia akijibu, "Nakunywa, mama. Ila hii moja sasa najua inafanya nini, na najua haifanyi nini."

Kwa kweli, msomaji wangu, hicho ndicho nilichokuwa nakitaka tangu mwanzo.